Bei ya Chini Isikuvunje: Mwongozo kwa Fundi Umeme wa Majumbani Mbeya na Jirani Zake

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Uyole ikiwa inakata masikio, mama mmoja alinipigia simu. Shawa yake ya umeme imezima na ukuta wa bafuni unanuka plastiki iliyoungua. Nilipofika nilizima meini swichi, nikapanda darini. Shawa ya kilowati 5.5 ilikuwa imeungwa kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 unaolisha soketi za chumbani. Kiungo kilikuwa cha kusokota tu na kuzungushia tepu. Nilipoishika ile tepu, ganda la waya lilivunjikia mkononi kama kaa la moto lililopoa. Chini kwenye boksi la sakiti breka, breka ya ampea 20 ilikuwa imetolewa ikawekwa ya 40, kwa sababu ile ya kwanza "ilikuwa inasumbua inajizima".

Hesabu yake ni fupi. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni kama ampea 24. Waya wa 2.5 uliopita ndani ya paipu ukutani hubeba kati ya ampea 20 na 24, kutegemea ulivyolazwa, na huu ulikuwa na pasi na soketi nyingine mgongoni. Breka ya 20 ilipojizima ilikuwa inafanya kazi yake. Ya 40 ilikaa kimya, waya ukageuka kuwa jiko.

Kilichoniuma ni kwamba kazi ile niliwahi kuipigia hesabu mwenyewe, miaka miwili nyuma. Mama aliniambia kuna kijana amesema pungufu yangu kwa elfu sitini. Nikamjibu, "Mama, hiyo ndiyo bei yangu," nikaondoka. Sikumweleza hata neno moja kuhusu waya, breka wala ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Alichagua kati ya namba mbili kwa sababu nilimpa namba tupu.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyopanga bei, ninavyoiandika na ninavyoitetea. Ninayoandika hapa ni hatua ninazozifuata sasa, kwa fundi mwenzangu anayefunga umeme wa majumbani na kila wiki anasikia, "Fundi, mwenzako amesema nusu ya hiyo."

Kwanza ijue bei yako kabla hujaitetea

Mafundi wengi tunataja bei kwa kuangalia uso wa mteja na ukubwa wa nyumba. Bei ya namna hiyo ikiguswa kidogo inaanguka, kwa sababu mwenyewe hujui imesimama juu ya nini. Chukua daftari. Mfano wangu ni nyumba ya vyumba vitatu, pointi 38, siku saba ukijumlisha paipu, kuvuta waya, kufunga vifaa na kupima:

Saidia fundi, elfu 15 kwa siku: 105,000.
Nauli na bodaboda, elfu 4 kwa siku: 28,000.
Vifaa vinavyochakaa, leseni, simu, mafunzo: 30,000.
Akiba ya kurudi kurekebisha bila kulipwa: 20,000.
Jumla kabla hujajilipa: 183,000.

Ukijilipa elfu 30 kwa siku unafika 393,000. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Sasa mteja anakwambia mwenzako amesema laki mbili. Ukikubali, umebakiwa na elfu 17 kwa siku saba, yaani kama 2,400 kwa siku. Ukishaiona kwenye karatasi, huwezi tena kusema "sawa tu, nisikose kazi". Ama utakula hasara, ama utaanza kuiba kwenye kazi: kiungo kimoja bila boksi, ethi ya nusu mita, kupima kwa macho. Ufundi mzuri huanza kuharibika hapo, kwenye bei iliyokubaliwa kwa woga.

Mjue unayeshindana naye

Wa bei ya chini si mtu wa aina moja. Yupo kijana aliyetoka VETA mwaka jana, ufundi wake ni mzuri ila hajui kupiga hesabu. Huyo usimpige vita. Mwite, mwonyeshe daftari. Wawili wa namna hii leo tunaachiana kazi, na bei zao zimepanda zenyewe.

Yupo anayetaja ufundi mdogo kisha anakula kwenye vifaa: anaelewana na duka, anaweka cha juu kwenye kila roli ya waya, au anaandika roli sita wakati nne zinatosha. Mteja anadhani ameokoa laki moja kumbe ametoa laki na nusu dukani. Dawa yake nitaieleza kwenye vifaa.

Na yupo anayeruka kazi yenyewe. Hana leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hana kifaa cha kupimia zaidi ya testa ya bisibisi, na kazi ikiisha anatafuta mwenye muhuri amgongee mchoro wa wairingi ili mteja akaombe umeme TANESCO. Hapo nasema wazi: usikodishe muhuri wako. Najua zile hela za haraka zinavyovutia mwezi wa Machi mvua inanyesha na hakuna ujenzi. Lakini siku nyumba ikiungua, jina lililo kwenye mchoro ni lako, na kwa muhuri huohuo umemwezesha mtu kukata bei ya kazi yako. Mafundi wenye leseni wa mtaa mmoja wakikataa kwa pamoja, nusu ya tatizo hili inaisha bila mkutano wowote.

Tenganisha ufundi na vifaa

Andika karatasi mbili. Moja ni ya ufundi, nyingine ni orodha ya vifaa yenye ukubwa na idadi kamili. Mwambie mteja anunue mwenyewe, au mwende naye Mwanjelwa au Kabwe, alipe yeye na risiti ibaki kwake. Usipokee cha juu. Duka likikupa punguzo, liandike kwenye karatasi yake. Mteja akiona hela zake za vifaa hazipiti mkononi mwako, ile laki nne ya ufundi inaanza kueleweka, na yule fundi wa cha juu anakosa pa kujificha, kwa sababu mteja sasa ana orodha ya kulinganisha.

Dukani beba kisu kidogo na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kwenye soko kuna waya ulioandikwa 2.5 ambao si 2.5, na upo wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona ndani ni nyeupe kama sufuria, urudishe. Kisha pima unene wa shaba yenyewe. Waya wa unyuzi mmoja wa 1.5 una kipenyo cha kama milimita 1.38, na wa 2.5 kama milimita 1.78. Wa nyuzi saba wa 2.5, kila unyuzi ni kama 0.67. Fanya hivyo mteja akiwa pembeni na umwachie asome namba mwenyewe. Baba mmoja wa Iyunga, mstaafu wa reli, aliposoma kipenyo cha 1.5 badala ya 1.78 kwenye waya ulioandikwa 2.5, aliniangalia akasema, "Kumbe ndiyo maana mwenzako alisema vifaa vyake ni rahisi." Sikuwa nimemtaja mwenzangu yeyote.

Alama ya TBS, shirika la viwango, itafute, ila isikuzuie kutumia kalipa.

Punguza kazi, usipunguze kiwango

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mteja akisema hela haitoshi, mara nyingi anasema kweli. Ukikataa kata kata anakwenda kwa mwingine. Ukishusha bei kwa kazi ileile, unajiumiza. Njia ya tatu ni kukaa naye na karatasi ya mchanganuo na kuuliza: kati ya hivi, kipi kisubiri?

Vinavyoweza kusubiri au kubadilika ni vingi. Taa za urembo kwenye baraza. Swichi za bei kubwa, maana za kawaida zenye ubora zinatosha. Soketi za chumba ambacho hakijaisha: laza paipu na maboksi sasa kabla ya plasta, waya utavutwa mwakani. Kazi ya kuchimba mifereji ya paipu ukutani anaweza kumpa kijana wake wa nyumbani, wewe ukichora mistari kwa chaki. Ila msimamie: matofali yetu ya kuchoma hupasuka vibaya, na asiyezoea hutoboa ukuta mpaka upande wa pili.

Visivyojadiliwa viandike chini ya kila mchanganuo, kila mara, kwa maneno yaleyale:

Ukubwa wa waya kulingana na mzigo. Taa 1.5, soketi 2.5, na shawa ya moto iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka. Mimi natumia 6 kwa shawa ya kilowati 5.5, na swichi yake ya kukata laini zote mbili.
Ethi halisi, iliyopimwa.
Kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha miliampea 30, hasa kwa bafuni na jikoni.
Viungo ndani ya boksi lenye mfuniko, kwa konekta.
Kupima kabla ya kuwasha.

Mteja akitaka uondoe kimojawapo, aga kwa heshima. Nimeacha kazi tatu kwa sababu hiyo, na sijutii hata moja. Mbeya ni mji wa baridi. Watu wananunua shawa za moto kabla ya televisheni, watoto wanaoga humo wakiwa wamelowa, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. Mtoto wa watu siwezi kumuuza kwa elfu hamsini.

Kuna jambo jingine la kwetu: hela za huku zina msimu. Wa Mbarali anashika hela akishavuna na kuuza mpunga, wa Mbozi akishauza kahawa, wa Rungwe ana chai, parachichi na ndizi zinazomwingizia kidogo kidogo. Badala ya kumshushia mkulima bei mwezi wa Februari akiwa hana kitu, mgawie kazi kwa awamu: paipu na maboksi sasa, waya baada ya mavuno. Mwandikiane. Nimeona wateja waliokuwa wanakwenda kwa wa nusu bei wakikubali bei yangu yote kwa sababu tu niliipanga ilingane na shamba lao.

Kionyeshe kisichoonekana

Wairingi ukishapigwa plasta, kazi yako na ya yule mwingine zinafanana: swichi ukutani, taa inawaka. Kazi yako ya ziada imefukiwa, na lazima uache ushahidi.

Picha. Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta wenye paipu ukiwa umeweka futikamba kutoka kwenye kona au kwenye fremu ya mlango. Mtumie mteja zote kwa WhatsApp. Mwaka mwingine akitaka kutoboa ukuta atundike kabati, atazifungua na kukumbuka nani alimpa.

Vipimo. Nunua mega, kifaa cha kupimia ganda la waya. Ni ghali, na niliinunua kwa kuchangiana na mwenzangu. Pima ubora wa ganda la waya kwa volti 500 kabla hujafunga taa na vifaa. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1, lakini nyumba mpya iliyofungwa vizuri hutoa namba kubwa zaidi ya hapo sana. Ukikuta 2 au 3 kwenye nyumba mpya, tafuta palipobanwa au palipoingia maji. Pima ethi kwa kifaa chake. Kwenye kazi zangu nalenga chini ya ohmu 10. Pima pia kama kile kifaa cha miliampea 30 kinakata kweli: kikifikiwa na kiwango chake kinatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.3. Kisha mfundishe mwenye nyumba kubonyeza kitufe chake cha majaribio mara moja kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu ethi, tahadhari moja ya nyanda zetu. Ardhi ya Aprili imeshiba maji na kipimo kitakufurahisha. Ardhi ya Oktoba, baada ya kiangazi kirefu, imekauka, na ethi ileile inapanda. Ukipima masika, weka nafasi ya kutosha, au ongeza rodi ya pili mapema. Na rodi ichimbiwe mahali ambapo mama hamwagii majivu ya jiko, kwa sababu majivu hula vyuma, na iwe na kishimo chenye mfuniko ili mtu aweze kuifikia. Rodi ya mita 1.2 iliyokatwa nusu ili iingie kwa urahisi si rodi tena.

Namba zote andika kwenye karatasi moja: tarehe, kila sakiti, kipimo chake, jina na namba ya leseni yako. Nakala moja kwa mteja, nyingine kwenye faili lako. Karatasi hii imeniletea kazi nyingi kuliko bango lolote, maana wageni wakija wenye nyumba huitoa wenyewe.

Namna ya kuzungumza mteja akitaja bei ya mwenzako

Usimseme vibaya. Humjui aliahidi nini, na mteja husikia wivu haraka. Mimi huzungumza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa fundi, kuna kijana hapa Ilomba amesema laki mbili, wewe laki nne, tunafanyaje?"

"Mama, sipingi. Naomba umuulize maswali matatu, akikujibu vizuri mpe kazi kwa amani. Moja, shawa itatumia waya wa ukubwa gani na breka ya ampea ngapi? Mbili, ethi ataichimbia wapi na ataipima kwa kifaa gani? Tatu, akimaliza atakuandikia karatasi ya vipimo yenye jina lake?"

Namwachia na mfano wa karatasi yangu, nimefunika jina la mteja. Sirudii kumpigia kumbembeleza. Wengine hawarudi, na hao wana haki yao. Wanaorudi, wanarudi wakiwa wameshaelewa wanachonunua, na mazungumzo ya bei huwa mafupi.

Jambo usilofanya hata siku moja ni kushusha papo hapo. Ukitaja laki nne kisha ukakubali tatu kwa sababu tu amenung'unika, umemfundisha kwamba laki moja ilikuwa ya kumwibia. Ukishusha, lazima kitu kitoke kwenye orodha.

Malipo, dhamana na kazi ndogo

Malipo nagawa mara tatu: theluthi kuanza, theluthi waya ukishavutwa, theluthi baada ya kumwonyesha vipimo. Kila hela ina risiti, hata ya elfu kumi.

Dhamana naandika miezi 12 kwa kazi ya mikono yangu. Radi siiwekei dhamana, na hilo naliandika waziwazi, kwa sababu kuanzia Novemba mpaka Aprili radi za huku si za mchezo. Mwenye friji na kompyuta namshauri aweke kifaa cha kuzuia mshituko wa umeme kwenye boksi la breka, na kuchomoa plagi mvua ikianza kutisha. Akirudi na tatizo lililo langu, naenda siku hiyohiyo au kesho yake. Ile elfu 20 ya akiba kwenye hesabu ndiyo inayonipeleka.

Kazi ndogo ndizo zinazotumaliza: soketi moja Nzovwe, swichi moja Isanga. Weka ada ya kuja kuangalia, itaje kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na useme itakatwa kwenye bei kama atakupa kazi. Wengine watakata simu. Miezi ya mvua, ujenzi ukipungua, nawapigia wateja wa zamani kwa ukaguzi wa bei nafuu: kukaza skrubu za breka, kupima ethi, kujaribu kile kitufe. Hapo nafuu ni halali, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo.

Anaporudi aliyekwenda kwa wa bei ya chini

Atarudi, labda mwaka huu, labda baada ya miaka miwili kama yule mama wa Uyole. Usimwambie "nilikwambia". Ameshaumia, na aibu ikimzidi atamwita mtu wa tatu.

Anza na ukaguzi wa kulipiwa, usiguse kitu kabla. Fungua kila boksi na yeye akiwa pembeni, piga picha, andika ulichokikuta kwa maneno ya kawaida. Kisha panga kwa uharaka: cha kuzimwa leo, cha kufanywa mwezi huu, kinachoweza kusubiri mavuno. Mara nyingi si lazima kubomoa nyumba nzima. Kwa yule mama nilivuta waya mpya mmoja wa 6 kutoka kwenye boksi mpaka bafuni, nikarudisha breka ya 20 kwenye soketi, nikakata sehemu iliyoungua na kuiunga upya ndani ya boksi, nikachimbia ethi. Siku mbili. Alipoulizia bei nilimpa karatasi, akaisoma mstari kwa mstari huku kidole chake kikifuata maandishi, akauliza swali moja tu kuhusu kile kifaa cha miliampea 30. Nilimpeleka kwenye boksi, nikamwambia abonyeze kitufe mwenyewe. Kilikata, nyumba ikaingia giza, akashituka na kushika mkono wangu. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaniomba nimwonyeshe namna ya kukirudisha.

Ndani ya mfuniko wa boksi niliandika kwa kalamu isiyofutika tarehe, ampea za kila breka, ukubwa wa waya wa shawa na namba yangu ya simu.